Radi ya wingu, radi ya mstari au ngurumo: umpe ipi druidi wako?

Kwetu Kikwajuni, mawingu ya masika yakianza kunguruma, bibi alikuwa hangoji mshindo wa pili. Khanga inatupwa juu ya kioo cha kabati, redio inachomolewa, na aliyevaa fulana nyekundu anaambiwa aivue hapo hapo, maana radi "inapenda chekundu". Sisi wajukuu tunajikunyata mkekani, tunahesabu baina ya mmweko na mlio. Bibi hayupo tena. Mjukuu wake sasa anakesha mbele ya kompyuta akiiita radi kwa makusudi, na akikosa shabaha anakasirika.

Gemu yenyewe ni Baldur's Gate 3, ya mapigano ya zamu kwa zamu na kurusha dadu, ya Larian Studios wa Ubelgiji, iliyotoka kwenye kompyuta Agosti 2023. Inataka nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski, kwa hiyo mimi niliishusha usiku kwa usiku karibu wiki nzima, bando la usiku likiisha nalala, kesho naendelea. Uzuri wake ni kwamba ikishaingia, unacheza peke yako bila ya intaneti.

Druidi ni mtu wa msitu. Nguvu zake hazitoki kitabuni kama za mchawi msomi wala kwa mungu wake kama za kuhani. Zinatoka kwenye miti, wanyama na hali ya hewa. Angekuwa Pemba ungemkuta Ngezi. Na kila anayefikisha druidi wake leveli ya 5 barzani kwetu huja na suali lile lile: nimpe radi ipi?

Zinazogombaniwa ni tatu. Kwenye skrini zimeandikwa Call Lightning, Lightning Bolt na Thunderwave. Barzani tunaziita radi ya wingu, radi ya mstari na ngurumo, na nitakwenda na majina hayo. Kwa watu wengi jibu langu ni radi ya wingu, lakini si kwa sababu wanayoidhania. Wanaangalia idadi ya dadu. Cha kuangalia ni pigano lako huchukua zamu ngapi, na nani anayemwaga maji.

Ngurumo tuitoe njiani kwanza

Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Mtu akisema "radi imepiga", kwa wengi wetu neno hilo moja limebeba mmweko, mlio na mnazi uliopasuka. Gemu haioni hivyo. Umeme ni aina moja ya madhara na mshindo ni aina nyingine, na kila kinga na kila udhaifu wa adui huhesabiwa mbalimbali. Ngurumo ni mshindo mtupu. Kwa hiyo maji, ambayo tutakuja kuyasema kwa kirefu, hayaiongezei chochote. Nimeona watu wanaloweza kundi zima la maadui, kisha wanapiga ngurumo na kushangaa mbona namba ni ndogo.

Namba ni ndogo kweli. Dadu 2 za pande 8, wastani wa 9, na adui mwenye mwili mgumu akistahimili hupata nusu. Lakini ngurumo unaipata tangu leveli ya 1, nafasi yake ni ya bei rahisi (kila nguvu hula nafasi ya daraja lake, na nafasi ni za kuhesabu mpaka mhusika wako alale), na inamsukuma mtu mita 5. Mita tano ukiwa uwanjani si kitu. Mita tano ukiwa umesimama Grymforge ya humo gemuni, nyuma ya adui kuna ukingo na chini ya ukingo kuna lava, ni hukumu ya kifo. Tahadhari moja tu: aliyetumbukia ametumbukia na mali yake. Kama ana upanga unaoutamani, muue juu juu.

Basi ngurumo iweke mfukoni kwa kazi hiyo. Si mshindani wa hizo mbili nyingine, ni kitu chengine kabisa.

Wingu na mstari, bega kwa bega

Radi ya wingu ni nguvu ya daraja la 3. Unachagua sehemu ndani ya mita 18, radi inashuka hapo na kupiga duara la mita 2 kila upande, dadu 3 za pande 10. Wastani wake ni 16.5. Anayefanikiwa kukwepa hupata nusu. Radi ya mstari nayo ni daraja la 3, inatoka mikononi mwako na kukata moja kwa moja mbele, dadu 8 za pande 6, wastani wa 28. Ukiziweka hivyo pembeni pembeni, mtoto wa darasa la tatu atakwambia chukua mstari, 28 ni kubwa kuliko 16.5.

Ila radi ya wingu haiishi. Ukishaiita mara moja, wingu linabaki kichwani kwako hadi zamu 10, na kila zamu unaweza kuita nyengine bila ya kutumia nafasi mpya. Druidi wa leveli ya 5 ana nafasi 2 tu za daraja la 3 mpaka alale. Tuchukue pigano la zamu nne. Nafasi moja ya mstari imekupa 28 na imekwisha. Nafasi moja ya wingu imekupa 16.5 mara nne, ambayo ni 66, na nafasi ya pili bado imelala mfukoni kwa ajili ya pigano la jioni. Kwa pigano la zamu moja, mstari unashinda. Kwa zamu mbili, wingu limeshaupita, 33 kwa 28. Baada ya hapo hakuna mashindano.

Hiyo ni hesabu ya adui mmoja, na maadui hawasimami mmoja mmoja. Hapa ndipo mstari unapojitetea. Duara la wingu ni dogo. Mara nyingi linashika wawili, watatu ukibahatika wamesongamana mlangoni. Mstari ukipiga kwenye ujia mwembamba, pale maadui wanapokufuata kwa foleni, unapita katika wote. Fikiria vichochoro vya Mji Mkongwe: ungekuwa na radi moja tu na watu watano wanakukimbilia kutoka mwisho wa uchochoro, ungetaka ya duara au ya mstari? Ukiwa na uwanja kama Forodhani, watu wametawanyika kila kona, mstari utampata mmoja na hewa.

Kuna tofauti nyengine ambayo watu huigundua wameshachelewa. Radi ya wingu iko kwenye orodha ya kila druidi. Unaiandaa, unaijaribu, hukuipenda unaitoa nje ya pigano bila ya gharama yoyote. Radi ya mstari druidi haipati hivi hivi; inataka awe wa Duara la Ardhi, moja ya matawi ya druidi, na ndani ya hapo achague mlima. Yaani unaufunga uti wa mgongo wa mhusika wako kwa ajili ya nguvu moja ambayo mchawi wa kawaida aliye pembeni yako anaipata bila ya sharti. Mimi sioni faida. Kama pati yako, yaani kundi lako la wahusika, ina mchawi, mwachie yeye mstari. Na kama umeshachagua mlima na sasa unajuta, yule mzee mkavu wa kaburini anayekaa kambini, Withers, atakubadilishia kila kitu kwa dhahabu 100.

Maji

Sasa tufike pale ninapotaka kukaa.

Aliyelowa maji katika gemu hii anakuwa dhaifu mbele ya umeme na baridi. Udhaifu maana yake madhara mara mbili. Si nyongeza ya kidogo: wastani wa 16.5 unakuwa 33, wa 28 unakuwa 56. Na kulowesha ni nguvu ya daraja la 1, Create or Destroy Water, ambayo druidi anayo na kuhani anayo. Mvua inanyesha juu ya kundi, haina kukwepa, wote chepechepe. Hata chupa ya maji ya kawaida, ile unayoiokota kila kabati na kuiacha, ukimrushia mtu inamlowesha.

Kila mtu analijua hili baada ya wiki ya kwanza. Wanalokosea ni nani anyeshe.

Tuseme druidi yuko peke yake. Zamu ya kwanza ananyesha, zamu ya pili anapiga radi ya wingu kwa 33. Jumla baada ya zamu mbili ni 33. Angekuwa amepiga mkavu mara mbili, 16.5 na 16.5, angepata 33 hiyo hiyo. Amefanya kazi ya bure, na maadui wamepata zamu nzima ya kumshambulia huku yeye akimwagilia bustani. Faida inaanza zamu ya tatu, 66 dhidi ya 49.5, na hapo lazima waliolowa wawe bado wamelowa, maana unyevu hukauka baada ya zamu chache. Kwa mwenye wingu aliye peke yake, basi, maji ni ya pigano refu tu.

Kwa mwenye mstari hesabu ni nyengine. Kunyesha kisha kupiga ni 56 kwa nafasi moja ya daraja la 3 na moja ya daraja la 1. Kupiga mara mbili mkavu ni 56 vilevile, lakini umemaliza nafasi zako zote mbili kubwa. Wakati ni ule ule, akiba ndiyo tofauti. Kwa hiyo mwenye mstari anyeshe hata akiwa peke yake.

Na akiwepo mtu mwengine wa kunyesha, mjadala umefungwa kwa wote wawili. Shadowheart, yule kuhani unayekutana naye mapema, mpe maji ayaandae kila siku. Angalia foleni ya zamu juu ya skrini: ananyesha yeye kwanza, druidi anafuata. Kama druidi ametangulia kwenye foleni, zamu ya kwanza piga mkavu. Usikae kungoja mvua.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, maji yanazima moto. Aliyelowa hupata nusu tu ya madhara ya moto, kwa hiyo kama mchawi wenu anaishi kwa Fireball, kaeni kikao kabla ya pigano mchague: ama pati ya moto ama pati ya maji.

Ya pili ilinifika mwenyewe. Mtoto wa ami yangu alikuja kutoka Wete wakati wa Sikukuu, tukakaa naye kwenye kompyuta moja skrini imegawanywa nusu kwa nusu, kila mtu na kidhibiti chake. Yeye ana mpiganaji wa deraya nzito, mtu wa kuingia katikati. Mimi druidi, nimesimama juu ya ngazi. Nikanyesha. Mvua ikawapata wanne, dimbwi likatanda sakafuni, likatambaa mpaka kwenye miguu ya mpiganaji wake. Sikuliona. Macho yangu yalikuwa kwenye namba ya asilimia.

"Kaka, ngoja n'toke," akasema.

"Weye kaa hapo hapo, radi yangu ya duara, haikufikii."

Na kweli duara halikumfikia. Radi ikashuka mita nne mbele yake, ikawachoma wawili, kisha ikagusa dimbwi. Dimbwi likageuka buluu, likaanza kumetameta, na umeme ukatambaa juu ya maji mpaka kwa kila aliyekanyaga, mpiganaji wake akiwemo, naye keshalowa. Hakufa, lakini alinyamaza kama dakika mbili hivi, kimya cha Kipemba, kisha akaniambia taratibu: "Haya. Sasa n'jue nakutetea au nakukimbia."

Maji ya gemu hii yanapitisha umeme kama maji ya kweli. Radi ya wingu na radi ya mstari zote mbili hazimjui rafiki. Ukinyesha, angalia dimbwi limeishia wapi, kisha watu wako watoke kwanza, na ndipo uite radi. Wenye kukumbuka barabara ya Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikigeuka ziwa wakati wa masika watanielewa: unaweza kuwa mbali na mvua ilipokuwa kubwa, lakini maji yakakufuata.

Wingu halikai kichwa kisipotulia

Kasoro kubwa ya radi ya wingu, na hapa simfichi mtu, ni kwamba inakula umakini wako. Druidi anaweza kushikilia kitu kimoja tu cha namna hiyo kwa wakati mmoja. Ukiwa na wingu huwezi kuwa na Moonbeam, huwezi kuwa na miiba ya Spike Growth, na nguvu nyingi nzuri za druidi ni za kushikilia. Ukiita ya pili, ya kwanza inaanguka bila ya kukuuliza vya kutosha. Radi ya mstari haina tabu hiyo: unapiga, imekwisha, kichwa chako ki huru. Kwa hiyo druidi ambaye tayari kazi yake katika pati ni kuweka miiba na kuwazuia watu, huyo mstari unamfaa zaidi kuliko nilivyokuwa nikikubali zamani.

Na ukipigwa, umakini unaweza kuvunjika. Kila ukijeruhiwa dadu inarushwa, na unatakiwa kufikisha 10 au nusu ya madhara uliyopata, lolote lililo kubwa. Ndiyo maana simameni juu na nyuma. Kwenye leveli ya 4, watu wanapokimbilia kuongeza akili au hekima, mimi nachukua War Caster, inayokupa dadu mbili za kushikilia umakini na kuchukua iliyo bora. Druidi mwenye hekima ya kutisha ambaye wingu lake linaanguka kila akirushiwa jiwe, hekima hiyo ni ya mapambo.

Kinachofidia ni kwamba radi ya kila zamu inatumia tendo kuu tu. Tendo dogo linabaki. Katika zamu ile ile unaita radi, kisha unamrushia Healing Word mwenzako aliyeanguka umbali wa mita kadhaa. Zamu za namna hiyo ndizo zinazogeuza pigano. Na daraja la 4 ukilifika, kumbuka Ice Storm: haishikiliwi, ina baridi ndani yake, na baridi ni ndugu wa umeme mbele ya mtu aliyelowa. Wingu juu, barafu katikati, wote chepechepe. Sakafu itakuwa ya kuteleza, lakini hiyo ni shida yao.

Kuhusu umakini wa aina nyengine: kwetu Unguja umeme wa nyumbani nao hupita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka bara, na wenye umri wangu hatusahau giza la miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi si hivyo, lakini katiko la nusu saa lipo. Ukishaita wingu na pigano limekaa vizuri, bonyeza F5, gemu ihifadhi ulipofika. Mimi nilishawahi kumaliza jeshi zima, imebaki maiti kupekuliwa, feni ikasita juu ya kichwa changu na skrini ikawa nyeusi.

Nani achukue nini

Druidi wa Duara la Mwezi, yule wa kugeuka dubu, aandae radi ya wingu lakini asiifanye maisha yake. Kazi yake ni kuingia na makucha. Anayetaka kuwa bwana wa hali ya hewa hasa, akae Duara la Ardhi, na kwa leveli ya 5 achague nyasi badala ya mlima, apate Haste, ingawa hiyo nayo inashikiliwa na itagombana na wingu. Basi Haste ni ya siku ambazo mpiganaji wenu anastahiki kuongezewa mbio kuliko wewe kupiga radi.

Kuna mapishi ya watu wenye tamaa, na mimi ni mmoja wao. Unachukua leveli 2 za kuhani wa dhoruba, zilizobaki zote druidi. Kwa leveli hizo mbili unapata Destructive Wrath: mara moja, mpaka mpumzike kidogo, madhara yako ya umeme au mshindo hayarushiwi dadu, yanachukua kiwango cha juu kabisa. Radi ya wingu ya dadu 3 za pande 10 inakuwa 30 bila ya mjadala. Aliyelowa, 60. Ukifika leveli ya mwisho, ambayo ni 12, una nafasi ya daraja la 6 ya kuliitia wingu hilo hilo, na kila daraja linaongeza dadu moja: dadu 6, juu kabisa ni 60, na kwa aliyelowa ni 120. Radi moja. Binamu yangu alipoona namba hiyo alisogeza kiti nyuma.

Gharama yake ni kwamba druidi wako ataishia leveli ya 10, na nguvu zake mwenyewe za daraja la 6, kama karamu ya Heroes' Feast, hatozijua. Nafasi atakuwa nayo, cha kuweka ndani yake ndiyo hana, isipokuwa kuvimbisha za chini. Kwa mtu anayevimbisha radi hilo si tatizo. Kwa mtu anayependa kuwalisha na kuwakinga wenzake, ni hasara ya kweli, na asinifuate.

Fimbo: mapema kabisa katika sehemu ya kwanza, ukimuokoa mshauri Florrick kwenye moto wa nyumba ya wageni ya Waukeen's Rest, omba The Spellsparkler. Kila nguvu yako inapojeruhi, inakujaza chaji za umeme, zikifika 5 pigo linalofuata linaongezewa dadu ya pande 8. Na radi ya wingu, kwa kuwa inajeruhi kila zamu bila ya kukumalizia nafasi, inaijaza fimbo hiyo vizuri kuliko mstari.

Kama huna kompyuta ya kubeba gigabaiti 150

Wengi hawana, na druidi wa radi yuko kwengine pia.

Diablo IV, iliyotoka Juni 2023, ina druidi wa dhoruba aliye mtamu sana mkononi. Hakuna zamu huko. Unashikilia kitufe, Lightning Storm inaongezeka radi kadiri unavyoendelea kushikilia, na roho yako (Spirit, akiba ya nguvu zako) inapungua. Hesabu za maji hazipo, ni vidole na mbio. Lakini gemu hiyo inataka intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Mtu wa bando afikirie mara mbili: ukikatika katikati ya dhoruba, umekatika kweli.

Neverwinter Nights ya mwaka 2002 ni nyepesi na bado inachezeka. Call Lightning ya humo inarusha dadu moja ya pande 6 kwa kila leveli yako mpaka 10, inapiga maadui wa eneo zima kwa mara moja na haiwagusi wenzako. Hakuna wingu la kubaki. Radi hiyo ni nzuri kwa mvivu wa kupanga watu.

Halafu kuna Baldur's Gate ya kwanza, ya mwaka 1998, ambayo siku hizi ipo hata ya simu. Huyo ndiyo druidi wa bei nafuu. Call Lightning yake inashuka yenyewe, moja kwa kila muda, inachagua adui yenyewe, dadu 2 za pande 8 na nyengine moja kwa kila leveli ya druidi, kwa hiyo pigo moja ni zito mno. Ila wingu la mwaka huo lilikuwa na akili zaidi kuliko la sasa: linahitaji mbingu. Binamu yangu aliporudi Wete aliishusha kwenye simu yake, akamlea Jaheira, druidi wa humo, mpaka radi ikafunguka, na wiki iliyofuata akanipigia usiku, sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Kaka, hii radi yako mbovu. Nabonyeza, haitoki."

"Uko wapi?"

"Mgodini, Cloakwood. Washanizunguka."

"Chini ya ardhi?"

Kimya cha Kipemba tena.

"Basi n'kimbie kwanza nje," akasema, akakata simu.